Nyumba Yetu kwa Rangi ya Maji

Mama Masika wangu, jambo sana huko Butembo!

Geuza karatasi uone: ni nyumba yetu ya kijijini, ile vita ilichoma bila kutuachia hata foto. Nimeichora mimi mwenyewe kwa rangi ya maji, hapa Goma, Majengo. Masere mwenye kutufundisha sisi wakimbizi alisema, "Muzee, rangi nyeupe hakuna. Pahali peupe unapaacha tu." Nikakataa. Mimi, niliyepaka chokaa nusu ya Butembo, niache ukuta bila rangi? Nikatia chokaa, nyumba ikageuka uji. Niliharibu karatasi sita, wamama tunaojifunza nao wakinicheka. Ya saba nikauzuia mukono. Ukuta nikauacha, nikachora tu kivuli chini ya mabati. Mama, ukuta ukawaka jua!

Kavira, jirani yetu wa zamani, akapita nyuma yangu, akasimama.

"Iii! Si ni kwa Papa Masika? Na mulango ungali umepinda!"

Akalia, akacheka. Na sikuwa nimemwambia kitu!

Masere anasema bado niko mwanafunzi. Mwache aseme. Itundike mbali na mvua, halafu pita kwa ule mulango uliopinda, ingia nyumbani kwetu, mama.

Bwana yako, fundi,
Papa Masika