Fatiha ya Kuwashia Gari

Hell-Ville,
Nosy Be.
Ijumaa, 14 Agosti 1998

Mpendwa mdogo wangu Msaidié,

Assalaam alaykum, wewe na wote waliomo humo ndani. Naanza na macho yako kabla ya kitu kingine: unaonaje? Barua hii unasomewa na nani, Bahia au Echata? Kama ni Echata, mwanangu, soma polepole na usiruke maneno, hata yale ambayo baba'ko atakwambia uyaruke. Na sukari je, imeshuka? Chai isiyo na sukari umeizoea, au bado unajiibia kijiko Bahia akigeuka? Huku sisi wazima. Shemeji yako Daoud magoti yanamsumbua, siku hizi anakaa barazani tangu asubuhi na kila apitaye lazima asimame azungumze naye. Mie meno mawili yamekwenda, yaliyobaki yananitosha.

Usikicheke Kiswahili changu. Tangu mama afariki sina wa kusema naye. Nyumbani Kimalagasi, sokoni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na arusini nikiwakuta wenzetu ni Kingazija. Kiswahili chetu cha utotoni, cha huko Zanzibar uliko, nimebaki nacho mie na gari yako tu. Naisemesha nikiwa peke yangu, nayo angalau hainisahihishi.

Barua yako ya mwezi wa sita imefika. Niliisoma ndani ya gari, maana ndimo ninamosomea barua zako zote. Umesema daktari amekwambia macho hayatarudi kama yalivyokuwa, kwamba hutaendesha tena, na kwamba niiuze Pijo, nisiendelee kubeba amana ya mtu asiyerudi. Neno hilo, asiyerudi, umeliweka katikati ya mstari kana kwamba ni neno kama mengine. Nikalisoma mara mbili, nikaikunja barua, nikakaa. Jua lilikuwa linaingia kwa kioo cha nyuma, harufu ya milangilangi inatoka mashambani, na mie sikujua kama nimekasirika au nimelala.

Unakumbuka ulivyoinunua? Mwaka wa sabini na tano, Mahajanga, kwa yule Mfaransa aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Pijo 504 ndefu, ya stesheni wegeni, ya dizeli, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Hata siku ile haikuwa mpya. Uliizunguka mara tatu pale Tanambao mbele ya nyumba, ukaniambia, dada, humu ndani unaenea ukoo mzima na vyombo vyao. Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiisha kupita, ukanifundisha kuendesha, watu wote wa mtaa wametoka nje kutazama mwanamke anavyogonga kuta.

Na ukanifundisha ile desturi. Geuza ufunguo nusu, taa ndogo nyekundu iwake, usiwashe bado. Dizeli haina cheche, ulisema, ndani mna plagi nne za kuipasha moto kwanza, na kupasha kwake ni kiasi cha Fatiha moja isiyo na haraka. Ukifika amin, washa. Nilikuwa sisali sana wakati ule, unajua. Fatiha yangu ilikuwa ya mbio. Ukanirudisha mwanzo hata mara nne, taa inawaka, wewe umekunja uso kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

Halafu zikaja siku zile za Mahajanga, za kuuawa sisi Wangazija, ambazo sitaki kuziandika zaidi. Mie nilinusurika kwa kuwa mume wangu ni mtu wa Nosy Be na majirani walisema huyu ni wetu. Nyinyi hamkuwa na wa kuwasemea. Siku mliyoondoka, Bahia amembeba Echata na bahasha moja ya karatasi, ulinitia ufunguo kiganjani ukanifumba vidole mwenyewe. Ukasema, dada, hii ni amana. Kila Ijumaa isomee, iwashe, isife.

Basi nimeisomea na kuiwasha, Msaidié. Ijumaa zote za miaka ishirini na moja. Ijumaa niliyomzaa Sitti nilimtuma Daoud, naye anaiogopa gari mpaka leo. Alikaa kwenye usukani, akasoma, akaiwasha, kisha akaruka nje akasimama mbali mpaka mtu mwingine alipokwenda kuizima.

Mwaka wa sabini na tisa Daoud alipopata kazi ya kiwanda cha sukari huku kwao, watu walinishauri niiache Mahajanga. Amana haiachwi uwanjani kwa watu. Nikaiendesha mie, siku sita, Daoud pembeni ameshika tasbihi kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili. Barabara ilikuwa inakwisha, inarudi, inakwisha tena kwenye mto, tunangoja pantoni kutwa nzima chini ya miti ambayo siijui majina. Kuna mahali vipepeo weupe waliijaza boneti yote, nikazima injini nikawangojea wenyewe waondoke. Nilikuwa nasema moyoni, Msaidié yuko nyuma amelala kwenye viti, nisimwamshe. Tulipofika Ankify na kuivusha bahari, niligeuka kutazama viti vya nyuma, na moyo uliniuma kweli.

Tangu hapo imezeekea kisiwani, na kisiwa ni kidogo, ukianza safari unaanza pia kurudi. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya nazi. Kioo cha kulia hakishuki. Asubuhi inatoa moshi mweupe mpaka jirani anaanua nguo zake kabla sijatoka. Mshale wa mwendo umekwama kwenye sitini, hata ikiwa imesimama uwani na kuku wamelala chini yake, kwa hesabu yake yenyewe tuko njiani. Fundi mmoja alitaka kuutengeneza nikamkataza.

Mara nyingine naota. Naiteremsha bandarini Hell-Ville, bahari imekuwa ya kifundo cha mguu, safi, na magurudumu hayazami. Naendesha tu. Napita Mahajanga kwa mbali, sisimami. Mwisho naona vibaraza vya kwetu Malindi ya Zanzibar, na mama anafagia, ananiambia mbona umechelewa, chai imepoa. Kila mara naamka kabla sijazima injini, na siku nzima inayofuata nasikia kama bado inanguruma mahali.

Kuwaka kulianza kuwa na taabu miaka mingi iliyopita. Fatiha moja ikawa haitoshi. Nikaongeza Kul huwallahu tatu, ikatosha kwa muda. Kisha nikatia Ayatul Kursi. Najaribu, haiwaki, nasoma zaidi, najaribu tena, inakohoa, inawaka. Mwaka huu nimefika kwenye Yasini. Daoud akinisikia kutoka barazani ananiambia, "Mama Sitti, kama ni Yasini basi afadhali tuizike kabisa." Kuanzia hapo naisoma kimoyomoyo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Baada ya barua yako nilikutii. Nilipata mnunuzi, Youssouf wa Ankify, mtu mpole, anataka gari ya kubebea samaki mpaka Ambanja. Tukaelewana aje Jumanne. Nikasema sitamuuzia mtu gari ya kusomewa Yasini bila kumwambia, Mungu ananiona. Nikaipeleka Dzamandzar kwa fundi Fahardine, karibu na kiwanda, azitazame zile plagi.

Nilikaa kwenye pipa tupu nikingoja. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya miwa iliyopikwa, nilishaanza kusinzia. Fahardine akaniita. Akaniuliza kwa lugha yao ni nani aliyezikata plagi umeme. Nikamwambia hakuna. Akaninyooshea waya. Waya unaopeleka umeme kwenye plagi ulikuwa umefunguliwa, ncha yake imekunjwa na kufungwa kwa kitambaa, vizuri, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Akasema waya huu haujapata kushikwa tangu zamani sana. Taa nyekundu inawaka kwa njia yake nyingine, lakini plagi hazijapata moto hata siku moja tangu waya ulipofunguliwa. Gari ilikuwa inawaka kwa sababu pwani kuna joto, na kwa sababu nilikuwa naizungusha stata mara tatu nne. Kungoja kwangu hakukuwa na kazi yoyote.

Nikakitazama kile kitambaa. Kimefifia na kunuka dizeli, lakini nyekundu ipo, nyeusi ipo, na vitone vyeupe bado vinaonekana. Kipande cha kanga yangu ya kisutu, Msaidié. Kisutu changu cha arusi, nilichokikuta kimechanwa pembe Ramadhani ya mwaka wa sabini na sita, nikamshika Koulsoum, binti wa ami, nikamwambia ni wewe, na akalia, na hatukusemezana mpaka mlipoondoka naye. Ulikula futari zote zile katikati yetu ukiwa kimya.

Kwa hiyo nakuuliza. Siku unanifundisha, waya umeshaufunga. Ulijua kuwa taa ile haipashi chochote. Basi kwa nini Fatiha? Fahardine anasema pengine plagi moja iliungua ikawa inamaliza betri, fundi yeyote angefanya hivyo. Hiyo nimeielewa. Kisutu ulikikosea, nacho nimekuachia. Lakini kunirudisha mwanzo mara nne, na uso umeukunja?

Nimekaa na swali hili wiki nzima. Kwanza nilisema ulinifanyia mzaha ukasahau kuniambia. Halafu nikasema ulijua nilivyokuwa nakurupuka, ukataka nikae kitako kidogo kabla sijaingia barabarani. Kisha nakumbuka ile siku ya ufunguo. Ungeweza kuniambia iwashe kila Ijumaa, yatosha. Ukasema isomee. Na mie kila nilipoisomea nilikuwa nakuwaza wewe, sikupata kuwaza injini hata siku moja. Nililia pale kwa Fahardine, juu ya pipa, sikuona haya. Nakupenda, nami nimekukasirikia, na yote mawili nayasema wazi ili Echata ayasome kwa sauti.

Fahardine akaona labda nalilia gari. Akafunga plagi mpya na waya mpya, akaniambia jaribu. Nikageuza ufunguo nusu, nikaanza. Sijafika hata kati ya Fatiha, taa ikazimika, nikagusa, ikawaka pale pale bila moshi. Injini inanguruma na mie nimebaki na nusu ya Fatiha mdomoni. Nikaimalizia hivyohivyo, nikaizima, nikamwambia afungue, airudishe kama alivyoikuta, na kitambaa akifunge kwa mkunjo uleule. Alinitazama sana. Nikamwambia gari si yangu, ni ya watu, na mwenyewe ataidai kama alivyoiacha.

Youssouf alikuja Jumanne. Nilimpa chai na samaki wa nazi, nikamweleza kwamba nimebadili nia, hakuchukia. Alipokuwa anaondoka aliuliza mshale ule wa sitini umekwama tangu lini. Daoud ameguna siku mbili, leo nimemwona anaipangusa vioo.

Kwa hiyo amana yako sijaiuza wala sitaiuza. Kuniachilia kwa barua sikukubali. Ulinitia ufunguo kiganjani kwa mkono wako, nami nitakurudishia kwa mkono wangu. Na jibu la swali langu silitaki kwa posta, maana karatasini utajua kujitetea. Sitti ameolewa Mahajanga, palepale Tanambao, mtaa wa pili kutoka ilipokuwa nyumba yetu. Nyumba haipo, lakini watu wanaouliza habari zako wapo, na baadhi yao ni wale waliofunga milango siku zile. Wanataka kukuona kabla hawajafa. Chukua ndege mpaka Moroni na kutoka Moroni mpaka Mahajanga, Bahia aje nawe. Mie nitaivusha Pijo mpaka Ankify, nitateremka nayo kukuchukua. Siku sita nilizoweza nikiwa kijana nitaziweza kwa kumi.

Nisalimie Bahia, mwambie zile mbegu za mchicha alizoniletea zimeota hata nje ya tuta. Nisalimie Echata na mumewe. Koulsoum nisalimie peke yake, mwite akae, mwambie Hachimia anaomba radhi kwa kisutu, miaka ishirini na miwili imechelewa. Mwambie mwenyewe kwa kinywa chako ni nani aliyekichana. Daoud anakusalimu, na Sitti anakusalimu, anasema chumba chako tayari kimepakwa chokaa. Mwenyezi Mungu akushushie sukari, akubakishie mwanga wa kukutosha, na atukutanishe kabla hajamchukua mmoja wetu.

Umeandika kwamba macho yako hayawezi tena kuendesha. Msaidié, nani aliyekuomba uendeshe? Huku usukani uko kushoto, kushoto nitakaa mie, kuona nitaona mie. Wewe utakaa kulia, na Fatiha unaijua bila ya macho. Nitageuza ufunguo nusu, taa itawaka, na sitaigusa stata mpaka nikusikie umesema amin.

Ni mie dada yako, nikupendaye na kukusomea kila Ijumaa,

Hachimia