Maabara Niliyoifunga

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua maabara kama kawaida. Nimefagia, nimechomoa chaja za simu ambazo wanafunzi huziacha kwenye soketi. Chini ya meza ya tatu nimekuta maganda ya karanga na chupa ya juisi nusu. Nimeshasema mpaka nimechoka. Humu hakuliwi, humu hakunywewi.

Kabla ya mchana mwanafunzi mmoja amegusa kava la kompyuta akaruka. Wenzake wakacheka. Nikagusa mwenyewe. Inatekenya. Nikajaribu ya pili, kisha transfoma ya mezani. Zote zinatekenya. Nikatoka nje kuangalia. Waya wa erthi, ule wa shaba unaoshuka ukutani kuingia ardhini, haupo. Umekatwa kwa kisu au msumeno, sijui. Bila shaka sasa uko kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Bila waya ule, umeme ukivuja hauna njia nyingine ila mwili wa mtu. Nimezima swichi kuu, nimewatoa wote. Wamenuna.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa idara amekuja kuona. Ni mtu mwema, hakubisha. Lakini jengo hili chuo kimepanga, na mwenye jengo haruhusu fundi mwingine kugusa umeme wake. Fundi wake yuko Geita, ana kazi kwenye mgodi. Mkuu amempigia mbele yangu. Amejibiwa: wiki hii.

Ningeweza kununua waya Kahama mjini na kuufunga mwenyewe. Siruhusiwi.

Nimetia kufuli.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi hajaja.

Nyamizi amenifuata nyumbani. Mwaka wa tatu, mtoto wa Kharumwa huko machimboni, ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowafundisha kushika solda, chuma cha moto cha kuungia waya. Mradi wake ni kengele ya kulia hewa inapokuwa mbaya ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji. Mwaka jana kaka yake alitolewa duarani amezimia. Mwenzake aliyekuwa chini yake hakuamka.

Aliomba nimfungulie meza moja tu, peke yake, saa mbili. Alisema atavaa raba. Nimemwambia raba haziondoi hatari. Aliinamisha kichwa. Binti yangu Jesca alimletea maji, hakuyanywa. Akaondoka.

Nimejisikia mkatili. Najua niko sahihi. Haisaidii.

Jumanne, 11 Machi

Wanafunzi wameenda kwa mkuu kunishtaki. Mtihani wa vitendo unakaribia. Wanasema nawakomoa. Ubaoni mtu kaandika kwamba Mama Jesca ana ufunguo hana huruma. Nimeufuta.

Mkuu aliniita. Aliuliza kama naweza kufungua angalau upande wa kompyuta. Nikasema hapana, umeme ni uleule. Akazungusha kalamu. Kisha akasema:

"Sikulazimishi, Mama Jesca. Ila ukifunga, hawa watafanyia wapi?"

Nimeondoka na swali lake. Hata sasa ninalo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimempigia fundi mwenyewe. Mpole, ana maneno mazuri. Amesema barabara mbaya, Jumatatu atakuja.

Nimekutana na Nyamizi getini amebeba boksi, amelifunika kwa kanga. Amenisalimia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikauliza amebeba nini. Vifaa vya mradi wake, anaenda kuviweka chumbani kwake. Vilikuwa kwenye kabati la idara, na ni vyake, kavinunua kwa jasho la baba yake. Ningemnyang'anya kwa lipi? Nimemwambia asichomeke kitu kwenye umeme mpaka nifungue. Akasema ndiyo. Ndiyo ile ya adabu. Naijua, na mimi nilikuwa mwanafunzi.

Jumamosi, 15 Machi

Nyamizi amepigwa na umeme. Chumbani kwake, mchana huu. Yuko hai. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeyasikia kwa Sofia, anayepanga naye chumba. Naandika ili yaache kunizunguka kichwani.

Walikuwa wametoka kupiga deki. Sakafu bado mbichi, Nyamizi miguu peku. Alikuwa ameketi sakafuni kwa sababu hawana meza. Transfoma iko wazi, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Mkono wake wa kulia ukanata. Hakupiga kelele, meno yalikuwa yamebanana. Sofia alidhani anacheka.

Sofia si wa elektroniki, anasoma uhasibu. Lakini alimkumbuka Nyamizi akimwambia kwamba mwalimu wao anakataza kumshika mtu aliyenaswa. Akakimbilia swichi kuu. Iko barazani, ndani ya wavu wenye kufuli, na mwenye nyumba, Msabato, alikuwa kanisani. Akarudi na mpini wa jembe, akampiga nao mkononi mpaka ukaachia. Mtoto wa watu analia akisema amempiga rafiki yake.

Maabara yangu ina meza za mbao. Ina mkeka wa mpira. Ina swichi kuu mlangoni, na ina mimi. Niliifunga, nikamsukuma kwenye sakafu mbichi.

Na kama ningefungua? Vilevile. Nalizungusha hili usiku kucha, kila upande kuna mtu chini.

Leo hospitali hawakuniruhusu kumwona. Nimekaa kwenye benchi mpaka jioni. Hakuna aliyenihitaji.

Jumatano, 19 Machi

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa. Cha tatu wanakiangalia. Moyo wake uko sawa, daktari amesema. Nimeshukuru kama mjinga.

Baba yake amefika kutoka Kharumwa. Mzee mwembamba, viganja kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha kiti. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijieleza vibaya, nikachanganya erthi na fundi na mvua. Alisikiliza hadi mwisho.

Akasema, "Nimeambiwa ulifunga kwa sababu chumba kina hatari. Sisi duara likipata ufa tunaliona, na tunashuka. Mtu akifunga tunafukua mahali pengine. Wabeja, asante, mwalimu. Ulijaribu."

Afadhali angenitukana. Ulijaribu. Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi amekuja. Vijana wake wameshindilia nondo ya shaba ardhini, wameunga waya, wameuficha ndani ya bomba ili usikatwe tena. Wamepima. Nimepima na mimi. Nimegusa kava la kila kompyuta, moja baada ya nyingine. Kimya.

Wamemaliza kabla ya chai ya saa nne. Kazi yote ile.

Wanafunzi wameingia bila kelele. Aliyeandika ubaoni amekuja kuniomba radhi, ni kijana wa mbele mwenye miwani. Nimemwambia akae tu. Sina hasira na mtu. Ningekuwa nayo ningejua niipeleke wapi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyamizi amekuja leo, saa ambayo hakuna darasa. Bandeji ndogo sasa. Mkuu amempa muda zaidi wa kumaliza mradi. Amekuja na boksi lake.

Hakuvuta stuli yake. Alisimama akiiangalia solda, kisha akaniuliza kama naweza kumshikia kazi. Tukaketi. Yeye anaelekeza kwa mkono wa kushoto, mimi nachomelea. Ni mkali kuliko mimi nilivyokuwa kwake. Pale umeyeyusha risasi nyingi, rudia. Nikarudia.

Nilikuwa na maneno. Nimeyabeba siku zote hizi. Nikafungua mdomo.

"Mwalimu," akasema, "mkono wako unatetemeka."

Nikautua mezani. Akasubiri. Nje mtu alikuwa anafagia majani, polepole. Mkono ulipotulia nikaichukua solda, akanionyesha panapofuata.