Safu za Baba na Adhana ya Magharibi

Tunis, 20 Februari 2026

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, swaumu inakwenda vizuri. Mama hajambo? Mguu wako je?

Nimepata kazi, na hutaamini ni wapi: kampuni ileile ya saa za adhana ulikostaafu. Nipo kwenye majaribio ya mwezi mmoja. Siku hizi wana programu inayopanga msimbo yenyewe. Unaandika ovyo, ukihifadhi tu, kila kitu kinanyooka. Wiki ya pili hii, na kidole gumba changu kimeshasahau kubonyeza kitufe cha nafasi!

Jana nikafungua jedwali la nyakati za swala. Nikakujua papo hapo. Namba zimesimama kwenye safu, kama unavyopanga viatu mlangoni. Nilicheka peke yangu, kisha machozi.

Sasa mkuu wangu, Bwana Lasaad, anataka faili zote nizipitishe kwenye hiyo programu. Ndio mtihani wangu. Safu zako zitavunjika. Nifanyeje?

Mwanao,
Emna

Mahres, 23 Februari

Emna mwanangu,

Waaleikum salaam. Mguu unasumbua. Mama yako mzima, bado anagombana na saa yetu ya ukutani, ile ya kampuni, eti Magharibi inachelewa dakika kumi nyuma ya msikiti. Yeye hufuturu na msikiti, mimi na saa yangu. Miaka ishirini namwambia mwadhini ana njaa, saa haikosei.

Hongera ya kazi. Ila safu zangu usiguse. Nilizipanga kwa mkono, nafasi moja moja, ili jicho lione kosa. Nyinyi mnapangiwa na mashine, mwisho mtaacha kuangalia. Ukizivunja, usiniandikie tena.

Baba yako

Tunis, 4 Machi

Baba,

Salaam. Mguu umepoa? Naandika hivyohivyo, ukikasirika kasirika. Nimezipitisha.

Programu ilifuta nafasi zako zote, na mstari mmoja ukabaki mfupi kuliko mingine. Nikahesabu. Kila mji una namba tano, dakika za kuongeza kwenye kila swala. Mahres ina nne. Ya Magharibi uliiruka, Baba, kisha ukazisogeza zilizobaki kwa nafasi mpaka mstari ukalingana na mingine. Ukapendeza, hakuna aliyeona. Saa ikawa inaiongezea Magharibi dakika za Isha, ambazo ni nyingi zaidi. Dakika kumi.

Mama alikuwa anasema kweli.

Nimesahihisha, na Bwana Lasaad amenipa mkataba. Kisha jedwali nikalirudisha kwenye safu zako, na juu yake nikaiandikia programu isiliguse.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Emna

Mahres, 9 Machi

Emna mwanangu,

Waaleikum salaam. Mguu afadhali. Siku mbili nilinuna. Ya tatu nikatoa nakala yangu ya zamani, nikahesabu. Nne. Nitumie hiyo programu yako niione.

Jana nilimsomea mama yako barua nzima. Magharibi mwadhini alipoanza tu, nikachukua tende, nikafuturu naye. Mama yako akanisogezea brik ya kwanza, sambusa ya yai toka kikaangoni, mafuta bado yanachemka juu yake.

"Kula, Munji," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa ukizila zimepoa."

Baba yako