Mtori Uliokataa Kuingia

Uru, Moshi,
2 Februari 2025.

Mpendwa Baba Mdogo Fabian,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mdogo Hilda mlifika Songea salama, na kwamba goti lako halikuumizwa sana na safari ile ndefu. Sisi huku tu wazima. Bibi anakula vizuri na bado anagombana na kuku wake. Mvua hakuna, kahawa imenyauka kidogo, ila migomba inavumilia.

Najua unashangaa kupata barua siku hizi za simu. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Halafu humu ndani kuna kitu ambacho hakipiti kwenye simu. Naomba usome kwanza.

Baba Mdogo, naona aibu. Kila Krismasi unatuletea chemsha bongo uliyotunga mwenyewe kuhusu ukoo wetu, umeichora miraba yake kwenye karatasi ya manila, nasi tukishashiba tunaigombea. Safari hii niliikalia peke yangu. Unajua nilivyo, kule dukani mjini nashinda nikijaza za magazetini, basi nimeshajiona bingwa. "Mzaliwa wa kwanza wa nyumba hii, herufi nane." Hata sikufikiri. Nikaandika DOMINIKA kwa kalamu ya wino, maana nani asiyejua kwamba shangazi ndiye mkubwa wenu?

Ikafuata ya wima, "Chakula cha mzazi". Mtori, ile supu ya ndizi anayopikiwa aliyejifungua, hata mtoto anajua. Lakini T ya mtori iliangukia pale pale kwenye I ya Dominika, ikagoma. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Mbele ya wakwe na watoto nikapaza sauti: "Jamani, Baba Mdogo kazeeka! Mtori wake hauingii hata kwa nyundo!" Watu wakacheka mpaka pombe ya mbege ikamwagika. Wewe ukatabasamu tu, ukasema, "Basi tuiache, mwanangu, labda nimekosea." Kesho yake ukaondoka kabla ya chai, nawe ulikuwa umesema utakaa hadi mwaka mpya. Baba anasema ulimwambia hutatunga tena.

Nami, kwa ujinga wangu, nilidhani umenuna kwa sababu umeshindwa.

Karatasi ilibaki ukutani. Juzi Bibi alikuwa akimenya ndizi, akaniuliza imeandikwa nini hata Fabian akatukimbia. Nikamsomea. Akaweka kisu chini. "Dominika ni wa pili," akasema.

Akanishika mkono tukashuka hadi mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba, kwenye yale masale ninayoyapogoa kila mwaka nikidhani ni mpaka wa shamba tu. Kumbe hapo amelala Mektrida, binti yake wa kwanza, aliyefariki hata hajajua kukaa. Babu alikataza jina lake lisitajwe, ati Bibi asiwe analia kila siku. Bibi alilitaja kwako tu, siku moja ulipokuwa ukimsaidia kupalilia pale. Akaniangalia akasema, "Fabian alitaka mumwite. Mkacheka."

Nilitamani ardhi inimeze. Hukukosea hata herufi moja. Mtori ule ulikuwa wa kwanza kabisa Bibi kupikiwa katika nyumba hii, na mimi ndiye niliyeugeuza kichekesho. Ungeweza kuniumbua pale pale, ukajitwika kosa langu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jani hili lililofungwa fundo ni isale. Wajua mila yetu, aliyekosa hupeleka isale, na anayepelekewa hakatai. Nilitaka kulikata mwenyewe, Bibi akanizuia. Amelikata yeye, kwenye masale ya Mektrida, akalifunga kwa mikono yake. Likikufikia limekauka, nisamehe na hilo pia.

Bibi anataka Mektrida aombewe kwenye misa, Jumatatu ya Pasaka, jina lake lisomwe kanisani kwa mara ya kwanza. Padre amekubali. Lakini Bibi amesema bila Fabian lisisomwe, atangoja. Baba Mdogo, Bibi hana miaka mingi ya kungoja. Tafadhali njoo. Kama hasira bado ipo, njoo nayo, unikaripie mbele ya wale wale waliocheka.

Baba anakusalimu. Shangazi Dominika naye anakusalimu sana. Nilipomweleza alilia, kisha akajifuta machozi akasema afadhali, alishachoka kuwa mkubwa. Nisalimie Mama Mdogo Hilda na wote hapo nyumbani. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Kwenye chemsha bongo yako nimebandika kipande cheupe cha karatasi juu ya wino wangu. Bibi alisimama nyuma yangu, akawa analitaja jina lile kwa sauti, tena na tena, nami naandika kwa penseli. Mtori umeingia.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu,
Gladness