Kivuli cha Mama Yake Kanyiva

Bushra, uko? Kanyiva amelia mpaka sauti imeisha.

Unakumbuka yule msanii alimlaza mama yake Kanyiva juu ya karatasi ya picha, kivuli kikabaki? Mama tukamzika Kilungu, na picha nyingine hakuacha.

Leo ndio wameionyesha, hapa kanisani Matiliku. Mapazia meusi, taa nyekundu. Msanii alikuwa hajaiosha na dawa ya kuishika picha isifutike. Mwangaza wa jua ukiingia, inakuwa nyeusi yote. Alimwahidi Kanyiva ataiosha jioni aende nayo nyumbani.

Sasa mke wa pasta akasimama kuomba. "Hatuombi gizani kama wachawi! Fungueni madirisha!"

Wakafungua. Bushra, wakafungua!

Kanyiva akapiga nduru, "Mama! Mama!" Watu wakadhani Roho ameshuka. Wakasema ameni!

Pale kwenye karatasi, mikono ilipotea kwanza, halafu kichwa.

Na msanii hakukimbilia pazia. Alikuwa anarekodi na simu. Kanyiva akamuuliza, "Si ungefunga?" Akajibiwa, "Dada, imetokea poa kuliko nilivyopanga."

Kanyiva akaibandua, akaifunga kwa leso, akaondoka. Saa hii msanii anampigia, ati airudishe, wageni wengine hawajaiona.

Kanyiva amemwambia aje aichukue Kilungu, kaburini.