Mwenye Kamba

Edinburgh,
3 Septemba 1978

Dada Elspet mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha Baba kimetulia. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo hulalamika kila nikipanda ngazi za nyumba hii, nawe ngazi zenyewe unazijua.

Najua utanicheka, lakini nimenunua picha nyingine. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda Perth kwenye mkutano wa wakusanyaji, nikarudi na postikadi kumi na moja. Kuna mhunzi anayemng'oa mteja jino, kuna wasichana wa kupasua samaki waliojifunga vitambaa vidoleni, na kuna mchungaji juu ya baiskeli akifukuzwa na bata bukini. Usiniulize nitaziweka wapi. Kama kawaida, nyuma ya nyingi hakuna jina hata moja. Hilo ndilo linaloniudhi katika kazi hii. Watu wanapigwa picha, wanazeeka, wanakufa, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu akaandika kwamba huyu ni fulani.

Ya kumi na mbili sikuihesabu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu, maana simu huipokea Baba. Keti kwanza.

Ni picha ya gati letu hapo Portessan. Chini yake mpiga picha ameandika kwa mkono wake: "Ebenezer ikiondoka asubuhi, 17 Oktoba 1928." Nilikuwa nasikia tu kwamba iliwahi kuwepo. Mpiga picha alikuwa mgeni kutoka Elgin. Chombo kilipopotea alichapa nakala zake, akauza chache, halafu akina mama wa marehemu wakamfuata dukani kumsihi aache, naye akaacha.

Chombo kimeshaachana na gati kama hatua mbili. Wanawake hawapo, maana kwetu mwanamke hashuki gatini kumuaga mvuvi. Boti nyingine zilikuwa zimetangulia. Yupo mtu mmoja tu, anawatupia kamba walio chomboni. Nimemtazama kwa kioo cha kukuzia siku mbili nzima. Dada, ni Baba.

Ni Baba huyu huyu ambaye maisha yetu yote ametuambia hakufika gatini siku ile. Kwamba alikutana na Bathia Cowie na nywele zake nyekundu pale kwenye mteremko, akajua ni mkosi, akageuka akarudi nyumbani kama mvuvi yeyote wa kwetu angefanya. Ndivyo yeye alivyopona, na ndivyo Ebenezer ilivyokwenda na watu saba, Baba mkubwa Gilbert akiwa nahodha wao. Na Bathia ndiye aliyeubeba mzigo huo miaka hamsini.

Kamati imeniomba picha za kutundika ukumbini siku ya kumbukumbu ya Ebenezer, siku hiyo hiyo ambayo Baba atafunua jiwe la majina. Nifanye nini? Usimwambie kitu kwanza.

Mdogo wako,
Innes

*

Portessan,
8 Septemba 1978

Innes mdogo wangu,

Salamu zimefika, na sisi tu wazima. Kikohozi cha Baba kimepungua. Leo amemaliza bakuli mbili za supu ya samaki wa moshi kisha akalalamika kwamba nampunja. Goti lako lipake mafuta ulifunge flana.

Huyo uliyemwona ni Baba mkubwa Gilbert. Walifanana mno, hata Bibi alikuwa akiwachanganya majina. Ungekuwa na mke, usingepata nafasi ya kukaa siku mbili ukimkodolea macho marehemu. Nyumba yako imejaa watu waliokufa wasio wako, sasa umeamua kuanza na wa kwetu.

Hujui hali ilivyo hapa. Baba anayasema yale majina saba mbele ya kioo kila asubuhi, anaogopa atalisahau moja. Viatu amevipiga rangi wiki nzima. Daktari amesema moyo wake hautaki kushtuliwa. Na wewe unataka nimpelekee nini, miaka sabini na tatu hiyo?

Bathia nilimwona jana dukani. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na bado vijana wa boti wakikutana naye asubuhi wanarudi majumbani kuanza safari upya. Kamati imemtuma mtu kumwomba akae ndani siku hiyo mpaka shughuli iishe. Akasema sawa. Yeye amezoea, Innes. Baba hajazoea.

Ichome.

Dada yako,
Elspet

*

Edinburgh,
14 Septemba 1978

Dada Elspet,

Shikamoo, na pole kwa kazi za nyumba. Goti nimelipaka mafuta. Nimefurahi kwamba Baba anakula.

Baba mkubwa Gilbert yumo chomboni. Ameshika usukani, kiko cha tumbaku mdomoni. Sasa nakuomba ufungue kasha la Bibi, lile la chini ya dirisha, utoe sweta la Baba la baharini. Unakumbuka Bibi aliwafumia wanawe herufi za majina yao juu kidogo ya pindo. Mtu wa gatini amenyoosha mikono kutupa kamba na sweta limepanda, ukiweka kioo unazisoma: J.S. Gilbert hakuwa na J.

Unayakumbuka magamba, Dada? Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi sita. Tulijaza ndoo magamba na matumbo ya samaki, tukammwagia Bathia mlangoni, tukamwita mla watu. Alitoka, akatutazama, akachukua ufagio. Nilikuwa najiambia ni utoto tu. Sasa kila nikiishika picha hii naona aibu hadi masikio yananiwaka.

Umeandika kwamba amezoea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote katika barua yako. Wamemwambia ajifungie ndani siku ya kuwakumbuka watu ambao hakuwafanya lolote, na mtu atakayesimama mbele anajua.

Nitaileta, nitaikuza, nitaitundika ukumbini.

Mdogo wako,
Innes

*

Portessan,
20 Septemba 1978

Innes,

Salamu. Baba mzima.

Nimefungua kasha. Herufi nimeziona. Nimekaa chini na lile sweta mapajani sijui muda gani.

Kijana wa miaka ishirini na mitatu aliogopa bahari asubuhi moja. Ukiitundika hiyo picha utakuwa umemuua, na hutakuwa wewe utakayemkuta sakafuni, nitakuwa mimi. Wewe utakuwa Edinburgh na kioo chako.

Ukiileta, usije kulala hapa. Nasema hivyo nikiwa sina hasira.

Elspet

*

Edinburgh,
2 Oktoba 1978

Dada Elspet,

Natumaini mko salama. Mimi nipo, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Barua yako ya mwisho hukuimalizia kwa "dada yako". Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta neno hilo, kama mjinga. Tangu Mama alipofariki hakuna mtu mwingine wa kuniita mdogo wake.

Umesema kweli kwamba mimi niko mbali. Ni rahisi kwangu kuwa mtu wa haki nikiwa ghorofa ya nne, mlango umefungwa. Wewe ndiye unayempikia Baba uji, na wewe ndiye unayepishana na Bathia dukani. Kwa hiyo nimeiweka picha ndani ya barua hii. Sijaipiga nakala. Wakusanyaji wenzangu wakisikia watanifukuza chamani, kadi kama hii kuitia katika bahasha ya kawaida.

Ukiichoma sitakuuliza tena. Lakini itazame kwanza, mwangalie uso. Kisha amua.

Mdogo wako,
Innes

*

Edinburgh,
12 Oktoba 1978

Dada Elspet,

Salamu tena. Siku kumi zimepita, sijapata hata mstari. Bahasha ilifika? Jana nilipiga simu, Baba akapokea, nikashindwa kusema, nikakata kama mtoto. Msamehe, yaani nisamehe.

Kamati nimewapelekea picha za wasichana wa samaki na za shule ya zamani. Ya Ebenezer nimewaambia sina. Siku ya kumbukumbu sitakuja.

Niambie tu kama umeichoma.

Mdogo wako,
Innes

*

Portessan,
18 Oktoba 1978

Innes mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Baba mzima, naanza na hilo ili usome yaliyobaki umekaa.

Nilikusudia kuichoma. Mara mbili nilifungua mlango wa jiko nikiwa nayo mkononi, na mara mbili nikautazama uso kama ulivyoniambia. Yule kijana hatazami kamba wala chombo. Anatazama maji. Nikashindwa. Nikaikunjia ndani ya sweta, nikalirudisha sweta chini kabisa ya kasha, maana kasha lile Baba hajalifungua tangu nizaliwe. Nikaona huko ndiko salama kuliko pote.

Jana asubuhi nilitangulia ukumbini na sinia za vikate vya skoni. Niliporudi saa tatu na nusu kumchukua Baba, nyumba nzima ilinuka kafuri ya kuzuia nondo. Koti lake jipya lilikuwa bado kitandani. Kasha lilikuwa wazi. Alikuwa ametaka kuvaa sweta, Innes. Ndugu yake alikufa amevaa la kwake, naye akaona aibu kusimama mbele ya majina na koti la dukani. Mimi mwenyewe niliyekaa na sweta lile mapajani sikulifikiria jambo hilo.

Picha haikuwemo.

Nilikimbia gatini. Watu wote walikuwepo, mchungaji amesimama kando ya jiwe lililofunikwa tanga, wanaangaliana. Nikageuka kutazama juu, nikamwona Baba. Anapanda mteremko, peke yake, amevaa lile sweta, anakwenda nyumba ya mwisho, kwa Bathia.

Nilipomfikia, Bathia alikuwa ameshafungua mlango. Baba alikuwa amevua kofia.

"Bathia, sikukuona asubuhi ile," akasema.

"Najua," Bathia akajibu. "Mimi ndiye niliyekuona. Nilikuwa dirishani nakoroga uji. Ulitupa kamba, ukasimama pale mpaka chombo kikapotea machoni."

Baba akamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nani angenisikiliza, James? Wewe ulikuwa umeshasema."

Baba akamwomba washuke pamoja gatini. Bathia akakataa. Akasema ameambiwa na kamati akae ndani, naye atakaa ndani, na kwamba yeye hana haja ya kuambiwa lolote. "Nenda ukawaambie wao," akasema, akafunga mlango polepole, bila hasira, ingekuwa afadhali angeubamiza.

Basi Baba alishuka. Nilimshika mkono, akautoa. Aliyasema majina yote saba bila karatasi, hakulisahau hata moja. Halafu akawaambia. Kwamba Gilbert alimuuliza mbona hapandi, akajibu tumbo linamuuma. Kwamba halikuwa linamuuma. Maji yalikuwa na rangi mbaya na yeye aliogopa, na akaogopa zaidi kuchekwa, kwa hiyo hakumwonya mtu, hata ndugu yake. Jioni, chombo kilipokosekana na wanawake walipomzunguka kumuuliza imekuwaje yeye yuko hai, jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa la Bathia. "Mlinishukuru kwa kuwapa mtu wa kumlaumu," akasema. "Nikaacha hivyo hivyo, miaka hamsini."

Mchungaji alilivuta tanga mwenyewe. Skoni nilizirudisha nyumbani zote, nilikuwa nimeoka mia na ishirini.

Nilidhani moyo wake utasimama. Haukusimama. Alikula, akalala.

Leo asubuhi akashuka kutembea kama kawaida yake. Nilikuwa nyuma yake. Mjukuu wa jirani yetu Findlay na wenzake watatu walikuwa wanakuja na vyakula vyao, wanakwenda kwenye boti. Walipomwona wakasimama. Wakatazamana. Kisha wakageuka, wote wanne, wakarudi walikotoka, bila salamu. Baba alibaki katikati ya njia na fimbo yake.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," akaniambia.

Nilipoinua macho, Bathia alikuwa nje na ufagio. Alikuwa ameona yote. Alimtazama Baba kwa muda, kisha akaendelea kufagia.

Tuliporudi aliitoa ile picha, akaniomba kalamu. Nikamwambia wewe huwa unakasirika mtu akigusa picha za zamani kwa wino, akasema wewe ndiye uliyekuwa ukimlalamikia kila Krismasi kwamba watu hawaandiki nyuma. Aliandika polepole, akakausha kwa kupuliza. Anataka uikuze, mbele na nyuma, iwe kubwa, uilete wewe mwenyewe ukumbini. Nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Kitanda chako nimekitandika.

Alichoandika ni hiki: "Mwenye kamba ni mimi, James Slater. Bathia Cowie hakuwepo."

Dada yako,
Elspet