Ukikuta Kufuli, Nenda Mlango wa Pili

3 Machi

Kaka yangu,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Na mtoto bado anamwogopa mwalimu? Mimi mzima, ila fomu zimenimaliza. Baada ya kampeni ya chanjo ya kipindupindu, ofisi imetuajiri tupime ni watu wangapi kweli waliinywa. Wenzangu wanabisha hodi na kuomba kadi, mimi nakaa mezani najumlisha. Mtaa wenu umepata asilimia tisini na sita, mpaka msimamizi ametununulia soda. Kwa hiyo dozi zilizobaki zitapelekwa wilaya nyingine tarehe ishirini. Nimefurahi, maana choo chenu kile kinachofurika kilikuwa kinaninyima raha.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto ameshamzoea mwalimu, sasa anatuogopa sisi. Lakini soda hiyo mngeitapika. Tisini na sita ya nani? Sisi wawili tunatoka alfajiri kwenda kiwanda cha ngozi, mtoto tunamwacha shuleni, tunarudi jioni. Wachanjaji walikuja saa nne asubuhi, saa nane wameshafunga virago. Korido yetu ina vyumba kumi na viwili, na saa hizo kumi na kimoja vina kufuli. Anayebaki ni mama mwenye nyumba na goti lake bovu. Yeye alikunywa. Na wapimaji wenu nao wakaja saa nne, wakamkuta yeye yule yule. Sasa anajigamba kwamba amekunywa kwa niaba yetu sote. Nimecheka, lakini si jambo la kucheka.

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Nawasalimu wote, na leo sina maneno mengi kwa hasira. Nimezifunua fomu za mtaa wenu. Kati ya kaya sitini, arobaini na moja zimeandikwa "mbadala". Yaani mpimaji akikuta kufuli anahamia kwa jirani aliyepo, basi. Nilimuuliza msimamizi kwa nini hawarudi jioni. Hata macho hakuyatoa kwenye simu.

"Kufuli halihojiwi," akasema.

Na aliyejumlisha uchafu huo ni mimi, kwa kalamu yangu, nikanywa na soda juu yake. Tafadhali, Jumapili mkiwa wote nyumbani, pita chumba kwa chumba. Andika watu wangapi wapo na wangapi walikunywa. Dozi zikishaondoka, hazirudi tena huko.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Nimehesabu jana, korido yetu na za jirani. Watu mia mbili na watatu, waliokunywa sitini na mmoja. Karatasi nimeiweka humu ndani. Wifi yako ndiye aliyekuwa akiandika, unajua mwandiko wangu. Tulipofika korido ya mwisho akasema tumbo linamkata. Leo asubuhi nimemlaza kwenye hema la wagonjwa, macho yamezama na sauti imekauka. Kama kuna mtu wa kumwona huko, mwone upesi.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Wifi anaendeleaje? Sijalala vizuri tangu nisome barua yako. Msimamizi aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akasema hizo si takwimu, ni barua ya ndugu yangu, kisha akajipangusa mikono. Mikono yake, kaka, ndiyo aliyoiona michafu. Nikapanda juu kwa mkuu wake, nikazimwaga fomu zote sitini mezani. Kazi nimefukuzwa. Lakini dozi hazihami tena, wanakuja kwenu Jumapili. Mwambie wifi ajikaze.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta natoka makaburini.

Jumapili walikuja kweli. Foleni ilizunguka mtaa mzima, hata wavivu walitoka. Na jana jioni akaja mpimaji, binti mpole, hakuruka mlango hata mmoja. Akaniuliza chumba hiki kina watu wangapi. Nikamwambia wawili. Waliokunywa? Wawili. Akaandika, akatabasamu, akasema chumba chetu kimepata asilimia mia.

Angekuja Jumatano ningemwambia watatu. Wifi yako alifariki Alhamisi mchana, tukamzika Ijumaa. Binti hakukosea kitu. Wamemfundisha kuhesabu waliopo.

Kaka yako